Usilaumu pua ya bibi harusi!

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuongee habari za pua. Usicheke! Pua imeleta kasheshe mtaani kwetu.

Binti wa jirani yangu kaolewa. Ngoma zimelia, pilau imeliwa, watu wamefurahi. Wiki mbili baadaye albamu ikaletwa. Bibi harusi akaifungua, akaifunga, akakimbilia chumbani kulia. "Mama, kumbe mimi nina pua hivi?" Mtoto wa watu ni mzuri, lakini pichani pua imetangulia kama inawahi basi, masikio yamebaki nyumbani.

Mpiga picha, kijana wetu wa kijiweni, naye akaja na lake. "Anko, kosa ni lenzi. Nauza pikipiki ninunue Canon 85 ya f/1.2." Pikipiki hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mama yake! Nikamwambia kaa kwanza, kahawa nalipa mimi.

Nikamuuliza: ulisimama wapi? Akasema ukumbi ulijaa, akamsogelea bibi harusi hadi nusu mita, na lenzi pana ya milimita 24. Hapo hapo nikamkamata! Pua iko mbele ya masikio kwa sentimita kama 10. Ukisimama nusu mita, hiyo ni moja ya tano ya umbali wote, lazima pua ivimbe. Ukirudi nyuma mita 2, inakuwa moja ya ishirini tu, na uso unatulia. Kwa hiyo kinachoharibu sura ni umbali. Kazi ya lenzi ndefu, 85 hadi 135, ni kukuwezesha kusimama mbali na bado uso ujae kwenye picha.

Sasa hiyo f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, mwanga unaingia mwingi na vurugu za nyuma zinafifia. Ni tamu, lakini ina masharti. Lenzi ya 85 kwa f/1.2, ukiwa mita moja na nusu, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 2 tu. Jicho likiwa kali, sikio limepotea. Bibi harusi akipumua, umeliwa! Isitoshe ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Ndugu yake ya f/1.8, iliyotoka mwaka 1992, haifiki nusu kilo na bei yake ni ya binadamu.

Unadhani natania? Ile picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, aliyopiga Steve McCurry mwaka 1984, ilitumia Nikon 105 ya f/2.5. Wala si f/1.2!

Zipo pia lenzi za madoido. Canon ilikuwa na 135 ya kulainisha uso, chunusi zinajificha. Nikon nao walitoa 135 ya DC mwaka 1990, yenye pete ya kurekebisha ukungu wa mbele au nyuma ya mtu. Nzuri, lakini hizo ni achari. Tafuta wali kwanza.

Kama kamera yako ya Canon ni ya sensa ndogo, zidisha kwa 1.6. Lenzi ya 50 ya f/1.8 inakupa picha kama ya 80, na ndiyo ya bei poa kuliko zote hizo. Ukinunua mtumba, mulika tochi ndani ya vioo. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, kimbia!

Kijana akaazima 85 ya f/1.8 kwa rafiki. Jumapili akamsimamisha bibi harusi kivulini chini ya mwembe, akarudi nyuma hatua tatu, akaweka f/2.8. Picha moja sasa imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe, na pua iko mahali pake.

Pikipiki? Ndiyo hiyo imenipitisha kijiweni asubuhi ya leo. Tukutane wiki ijayo!