KUNYIMA FEDHA SI KUKATAZA



Ndugu zangu katika imani, baba anajua kijana wake anakunywa pombe. Anamwambia: "Pesa yangu hutanunulia pombe." Lakini rafiki zake wakimletea chupa akanywea pale pale sebuleni, baba ananyamaza. Je, huyo baba amekataza pombe? Hapana. Amelinda mfuko wake tu.

Mfano huu hunijia kila nikisikia watu wanaisifu Marekani kwamba "imekataza" kloni, yaani kutengeneza binadamu kwa kunakili seli ya mtu mwingine.

Kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwaka 1996. Wataalamu walichukua seli ya kiwele cha kondoo mmoja, wakaiunganisha na yai la mwingine lililotolewa kiini, wakapandikiza tumboni mwa mwingine tena. Mayai yaliyounganishwa yalikuwa 277. Aliyezaliwa akaishi ni mmoja.

Habari zilipotangazwa mwaka 1997, Rais Bill Clinton alizuia fedha za serikali kuu zisitumike kwenye kloni ya binadamu. Maabara za watu binafsi aliziomba tu zijizuie kwa hiari. Mwaka 2001 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kukataza kabisa, ukakwama Seneti. Baadhi ya majimbo yamekataza, lakini Bunge lao halijatunga sheria ya nchi nzima mpaka leo.

Sisi Waislamu hatupimi haramu kwa kuuliza nani kalipa. Mwaka huo huo wa 1997, Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ilikata shauri kuwa kloni ya binadamu ni haramu, ikazitaka nchi za Kiislamu zitunge sheria ili ardhi zao zisigeuzwe uwanja wa majaribio. Haikufunga mlango wa elimu: kwa mimea na wanyama iliruhusu, penye maslahi na ndani ya mipaka ya sharia.

Jiulize, ndugu yangu: mtoto wa kloni baba yake nani? Aliyetoa seli ni mzazi wake au pacha wake? Atamrithi nani? Maharimu wake ni kina nani? Suratul Ahzab imetuamrisha kuwanasibisha watoto na baba zao. Huyu utamnasibisha na nani? Na yale mayai 276 yaliyopotea, kwa kondoo ni hasara ya shamba. Kwa binadamu utayaitaje?

Wako watakaosema: "Sheikh, baba yangu ana kisukari, unamzuilia tiba." La, tiba tumeamrishwa kuitafuta. Seli za mtu mzima kwa ridhaa yake, au damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa, wanazuoni wameziruhusu kwa matibabu. Kinachokataliwa ni kumfanya binadamu malighafi.

Wala imani yako isitikisike ukisikia "wameumba". Hawakuumba kitu. Seli waliikuta, yai walilikuta, tumbo la uzazi walilikuta.

Basi wewe daktari, mwanafunzi wa sayansi, mbunge, usitosheke na kusema "mimi sikuchangia." Munkari hauondoki kwa kufunga pochi. Unaondoka kwa kuukataza, kila mtu kwa uwezo wake.

Allah atupe elimu yenye manufaa na atulindie nasaba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.