Rauta inawaka, intaneti hamna: kabla hujamlipa fundi, soma hapa



Kuna swali naulizwa karibu kila wiki hapa Munisagara, na nikipanda kwenda Kilosa mjini ni hilohilo: "Dogo, waifai inasoma full lakini haifungui kitu, niizime rauta?" Zima tu, haina ubaya. Subiri nusu dakika, washa. Lakini jamani, mara nyingi tunazima na kuwasha kitu ambacho hakina kosa lolote, na wapo wanaoingia hasara.

Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Intaneti ikadorora Tanzania nzima, na zilipita siku kadhaa kabla mambo hayajatulia. Huku kwetu mafundi walipiga hela. Namjua mama mmoja wa duka alimlipa jamaa "aiflashi" rauta, ikagoma. Akanunua mpya, nayo ikagoma. Mtandao uliporudi zikafanya kazi zote mbili, sasa anazo rauta mbili na bando moja.

Kilichomponza ni vile vijistari vya waifai kwenye simu. Vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na rauta, basi. Hata ukichomoa laini ndani ya rauta, vijistari vitajaa vilevile. Nyuma ya rauta kuna safari ndefu: mnara, kisha Mkongo wa Taifa mpaka Dar es Salaam, kisha baharini mpaka kwenye seva zilizoko nje. Kila kituo kinaweza kufa peke yake, na simu yako haitakwambia ni kipi.

Lakini kwa nini mikongo miwili iyumbishe nchi nzima? Wenyeji wa Kilosa hawahitaji kufundishwa hili. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisomba reli kati yetu na Gulwe, na treni za Kigoma na Mwanza zikasimama. Ubovu ulikuwa kwenye kipande kifupi, walioathirika ni nusu ya nchi. Baharini ni hivyohivyo. Februari 2024 mikongo kadhaa, ikiwemo Seacom hiyohiyo, ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu, kwa hiyo mzigo mwingi ulikuwa unapita kusini. Kusini kulipokatika, ndo tukakwama. Kampuni zilizokuwa zimenunua njia nyingine ziliamka mapema kuliko wenzao.

Sasa utajuaje kosa liko wapi? Mi huanza na kitu ambacho watu hawakijui. Geuza rauta, chini kuna karatasi yenye namba kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Iandike kwenye brauza ya simu. Ukurasa ule unatoka ndani ya rauta yenyewe, hauhitaji bando hata kidogo. Ukifunguka, waifai yako ni nzima na fundi hana cha kuflashi. Humohumo utaona kama laini inasoma mnara, na ni vifaa vingapi vimejiunga (usishangae ukikuta watoto wa jirani wote wamo, badili nywila).

Usipofunguka, hapo kweli tatizo liko nyumbani. Sogeza rauta kwanza. Bati halipitishi mawimbi, na wengi wetu tunaificha nyuma ya kabati au juu ya friji. Sisi tuko bondeni, mto Mkondoa huku na milima kule, kwa hiyo rauta ya laini iweke dirishani upande wa mnara. Kama ina majina mawili ya waifai, lile la gigahezi 5 lina kasi ila kuta linashindwana nazo. Ukiwa chumba cha mbali tumia la 2.4.

Ukurasa umefunguka lakini mtandao hamna? Toa laini, weka kwenye simu, angalia salio kwa zile namba za nyota. Zikijibu, mnara uko hai. Zisipojibu, uliza kama umeme umekatika tangu asubuhi, maana betri za minara nazo huisha. Halafu muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Wote mmekwama nchi nzima? Acha rauta ya watu ipumzike.

Kuna na aina nyingine ambayo hata meli ya kutengeneza mikongo haiwezi kusaidia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Mei mwaka huohuo X ilifungiwa. Dalili ya kufungiwa ni rahisi: mtandao mmoja umekufa, mingine inapeta. Ukizima na kuwasha rauta mpaka ichubuke, hakuna kitakachobadilika.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Bando la siku linaisha siku, la wiki linaisha wiki, liwe limetumika au limelala. Rauta ikiharibika ni juu yangu, sawa. Mkongo ukikatika Afrika Kusini, au mtu akizima makusudi, kwa nini saa zile zinahesabiwa kwangu? Umeme ukikatika, Luku yako haipungui hata uniti moja. Aprili 2021 bei za vifurushi zilipanda, watu wakapiga kelele, Serikali ikazirudisha za zamani ndani ya siku chache. Kwa hiyo wakitaka wanaweza. Kampuni zinajua dakika ileile kosa liko wapi. Zitume ujumbe mfupi kuwa ni mkongo, na ziongeze muda wa bando kwa siku zilizopotea. TCRA wapo, hilo liandikwe kwenye kanuni.

Wangapi hapa mliwahi kurudishiwa bando baada ya Mei 2024? Semeni na mlikuwa kampuni gani.