Asiyekuwepo na Lake Halipo: Usaili wa MBA na Bei ya Ukaribu

Mwezi uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ofisa katika halmashauri moja ya wilaya. Barua niliyomwandikia ya kumpendekeza kwa masomo ya MBA katika shule moja ya biashara nchini Marekani ni miongoni mwa chache nilizowahi kuandika bila kulazimika kutia chumvi. Safari hii hakutaka barua. Alitaka ushauri. Alikuwa amepata mnunuzi wa kiwanja chake, naye alikusudia kukiuza ili apate nauli ya kwenda kuitembelea shule hiyo kabla ya kusailiwa.

“Mwalimu,” aliniambia, “wote ninaowajua waliofanikiwa walikwenda kuziona shule zao. Nikiulizwa kwa nini nataka kusoma pale, nitajibu nini ilhali sijapaona?”

Nilimwomba anipe muda. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na nalitoa hadharani kwa sababu swali lake si lake peke yake.

Kwa wasioujua utaratibu huu, nieleze kwa ufupi. Mwombaji wa shule kubwa ya biashara hutuma alama za mtihani wa GMAT au GRE, matokeo ya shahada ya kwanza, insha, na barua za wadhamini wawili hivi. Wanaopita mchujo huo huitwa kwenye usaili. Harvard, iliyoianzisha shahada ya MBA mwaka 1908, humkutanisha mwombaji kwa dakika 30 na mjumbe wa bodi ya udahili aliyekwisha kulisoma faili lake lote. Wharton huwaweka pamoja waombaji watano au sita, wakajadili hoja moja kwa dakika 35 huku wakitazamwa. INSEAD ya Ufaransa huwatumia wahitimu wake walioenea duniani, na mwombaji husailiwa na wawili kati yao. Kando ya usaili kuna ziara: kuketi nyuma ya darasa, kutembezwa kwenye majengo, kula chakula cha mchana na wanafunzi, kupeana mikono na maofisa wa udahili.

Shule nyingi hutangaza kwamba ziara si sharti, na kwamba asiyefika hatahukumiwa kwa kutofika. Sina sababu ya kudhani kwamba zinadanganya. Tena tangu janga la UVIKO-19 mwaka 2020, usaili mwingi hufanyika kwa video. Tatizo limejificha ndani ya swali ambalo kila mwombaji hulitarajia: “Kwa nini shule hii?” Aliyefika atasimulia darasa aliloketi, profesa aliyemsikiliza, na wanafunzi waliomwambia jambo lisiloandikwa kwenye tovuti. Asiyefika atakariri tovuti. Msaili atamwona wa kwanza kuwa ana shauku, na wa pili kuwa ana maneno ya jumla. Hakuna aliyevunja kanuni, wala hakuna aliyekusudia ubaya, lakini nauli ya ndege imegeuka kuwa alama. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walikuwa wakimwonya mtu anayejitenga na shughuli za wenzake, si anayezuiwa na bei ya tiketi.

Na tiketi ni sehemu tu ya bei. Viza ya matembezi ya Marekani inaombwa kwa dola 185, ambazo hazirudishwi mwombaji akinyimwa. Ada ya kuomba nafasi Harvard ni dola 250, bado mtihani wa GMAT unaozidi dola 200. Fedha hizi zote hutolewa kabla mtu hajaambiwa ndiyo wala hapana. Kijana anayefanya kazi katika benki ya uwekezaji mjini New York huenda kuitazama shule siku ya mapumziko na kurudi jioni. Ofisa wetu wa halmashauri anauza ardhi.

Akiuza, bado hajafika. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 kinamtaka ofisa wa ubalozi amdhanie mwombaji wa viza hiyo kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume. Kwa hiyo kijana huyu husailiwa na wasaili wawili wanaotaka mambo yanayopingana. Dirishani ubalozini lazima aonyeshe kwamba mizizi yake ipo nyumbani: kazi, familia, mali. Mbele ya shule anatarajiwa aonyeshe kwamba dunia nzima ni uwanja wake. Na kile kiwanja, ambacho kingekuwa ushahidi wake wa mizizi, amekwisha kukiuza ili aweze kufika dirishani.

Mtu atasema: gharama ni kubwa, lakini usaili hufichua kipaji ambacho karatasi haiwezi kukionyesha. Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu ushahidi uliopo hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 1979 Bunge la jimbo la Texas liliiagiza shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston iongeze wanafunzi 50, wakati udahili wa mwaka huo umekwisha kufanyika. Ikabidi shule iwarudie watu iliokwisha kuwasaili na kuwaweka chini ya orodha. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa kwanza wa mafunzo ya kazi baada ya kuhitimu, haikuonekana tofauti ya maana kati yao na waliochaguliwa mwanzo. Sehemu kubwa ya pengo lililowatenganisha ilikuwa maoni ya wasaili tu.

Mwaka 2013, Jason Dana na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kukadiria alama za baadaye za wanafunzi. Waliopewa rekodi za masomo peke yake walikadiria vizuri zaidi kuliko waliopewa rekodi hizo hizo na nafasi ya kumsaili mwanafunzi. Katika sehemu ya majaribio hayo wasailiwa walijibu maswali kwa kubahatisha, bila kujali ukweli, na bado wasaili wao walihisi kwamba wamewafahamu. Mazungumzo yasiyo na utaratibu hayakuongeza maarifa. Yaliongeza kujiamini.

Historia nayo inatuonya. Mwaka 1922 Lawrence Lowell, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza kuwekwa ukomo wa idadi ya wanafunzi Wayahudi, ambao walikuwa wakifaulu mitihani ya kuingia kwa wingi kuliko alivyopenda. Wahadhiri walilikataa pendekezo la wazi. Kufikia mwaka 1926 chuo kilikuwa kimeanza kutoa uzito mkubwa kwa “tabia” na haiba ya mwombaji, na idadi ya Wayahudi ikashuka. Sisemi kwamba bodi za udahili za leo zina nia ya Lowell. Nasema kwamba kipimo cha “kama anafaa kuwa mwenzetu” kilikwisha kutumika kufunga mlango ambao mtihani ulikuwa umeufungua, na chombo kama hicho hakipaswi kuaminiwa bila ulinzi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Uongozi ni kazi ya kushughulika na watu, na shule ina haki ya kutaka kumsikia mtu akizungumza. Nakubali. Basi na apimwe kuzungumza kwa haki: maswali yale yale kwa wote, vigezo vilivyoandikwa kabla, kila jibu lipewe alama yake papo hapo, na anayetoa alama asijue nani alitembelea na nani hakutembelea. Usaili wa namna hiyo umeonekana katika tafiti nyingi kuwa kipimo bora kuliko maongezi huru. Na swali la “Kwa nini shule hii?” liulizwe kuhusu mambo ambayo kila mwombaji anaweza kuyajua akiwa popote, au lifutwe.

Nisijitoe kwenye lawama. Nimeketi kwenye kamati za usaili hapa nyumbani kwa miaka mingi, za masomo na za ajira. Nakumbuka kijana mmoja niliyempa alama za juu kwa sababu “anajieleza vizuri”, na binti niliyempunguzia kwa sababu alisita. Nilipoyapitia mafaili yao usiku ule, niligundua kwamba binti ndiye aliyekuwa na majibu. Kijana alikuwa na Kiingereza cha shule ya ada kubwa. Alama zilikwisha kusainiwa, nami sikuinua mkono kesho yake. Kwa hiyo watumishi wa umma mnaosoma hapa, msidhani kwamba nazungumzia Boston na Philadelphia pekee. Ukaribu unauzwa pia kwenye vyumba vyetu vya mikutano, na wengi wetu ni wauzaji.

Ninyi wahitimu mlioko Dar es Salaam na Nairobi, mnaoombwa na shule zenu kuwasaili waombaji wa huku, mna uwezo kuliko mnavyodhani. Andikeni maswali yenu kabla. Muulizeni kila mmoja yale yale. Wekeni alama kabla ya kuagana naye, na mkimpenda mtu upesi, jiulizeni kama si kwa sababu anafanana nanyi.

Na wewe mwanangu, usiuze kiwanja. Omba msamaha wa ada ya maombi, kwa kuwa shule kadhaa huutoa kwa anayeuomba. Hudhuria vikao vyao vya mtandaoni, waandikie wanafunzi watatu walioko pale na uwaulize yaliyo magumu, kisha yaandike majibu yao. Ukiulizwa kama umewahi kufika, sema hujafika, na taja bei. Eleza kwamba uliipiga hesabu ya nauli dhidi ya mali yako yote ukaamua kubaki, kama ambavyo meneja mwenye akili angeamua. Msaili akiliona hilo kuwa upungufu wa shauku, utakuwa umejua jambo la maana kuhusu shule hiyo, na bado utakuwa na mahali pa kujenga.