Utamaduni Si Ngoma ya Kupokelea Wageni

Iko dhana moja potofu iliyoota mizizi katika shule zetu na katika baadhi ya ofisi zetu, nayo ni kwamba utamaduni ni ngoma basi. Mgeni wa heshima akitarajiwa, mwalimu huambiwa atayarishe utamaduni. Vijana hutolewa darasani, huvikwa majani viunoni, hucheza dakika kumi juani. Mgeni hutabasamu, hupiga makofi, huondoka. Majani hutupwa, masomo huendelea, na katika taarifa ya mwaka huandikwa kwamba utamaduni umeendelezwa. Sisi tunasema haukuendelezwa. Ulitupwa jalalani pamoja na majani yale.

Isidhaniwe kwamba tunaipinga ngoma. Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, alilalamika kwa haki kwamba shule za kikoloni zilitufundisha nyimbo na dansi za wageni na kutuachisha zetu. Lakini hakusema kwamba tukisharudisha ngoma kazi imekwisha. Ngoma ni ua, nalo ua lina shina na mizizi. Tunachopinga ni tabia ya kuchuma ua kila afikapo mgeni huku shina likiachwa likauke.

Na tuchukue mfano wa Karema, mji mdogo ulioko kando ya Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Atokaye Mpanda husafiri zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi kabla ya kuliona ziwa. Muulize mwanafunzi aliyezaliwa hapo akueleze habari za mji wake. Atakujibu kwamba mwaka 1879 alifika Cambier, Mbelgiji, akajenga kituo. Na kwamba mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hayo ni kweli, wala hatumlaumu kwa kuyajua. Lakini mwulize babu yake huvua vipi, na kwa nini usiku fulani haendi ziwani, naye atanyamaza au atacheka. Anadhani umemtania. Yeye amefundishwa kwamba historia ni yale yaliyoletwa na mashua ya mgeni, na kwamba mtumbwi wa babu yake ni umaskini tu.

Wapo pia wasomi wanaodai kwamba mji kama huo hauwezi kuwa na utamaduni wake, eti kwa kuwa wakazi wake ni mchanganyiko: Wabende, Wafipa, Waholoholo, na wengine waliovuka kutoka ng'ambo ya ziwa. Hoja hii haina msingi. Kama kuchanganyika ni kupotea, basi taifa lote la Tanzania limepotea, na lugha hii tunayoiandikia isingekuwapo. Katika Karema hiyo hiyo aliishi Adrian Atiman, mtu wa Afrika ya Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga huko Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Alitoka mbali kuliko wengi, lakini akawa mtu wa Karema. Na katika Katavi hiyo hiyo yako makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyowapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972; wengi wao leo ni raia wenzetu. Kumpokea mtu, kumpa mahali pa kulima na kuzika naye wafu, huo nao ni utamaduni, tena ni ule ulio mgumu kuuigiza jukwaani.

Sasa tutazame maisha yenyewe. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanywa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Nuru huwavuta dagaa juu, na wavu hufanya kazi yake. Lakini mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hutanda juu ya maji yote na taa ya mvuvi hupoteza nguvu. Hivyo siku hizo mitumbwi hupumzika ufukweni. Ndipo nyavu hushonwa, mbao huzibwa, madeni husuluhishwa, na wanaume ambao wiki nyingine hulala mchana huonekana wakikaa na watoto wao. Mwezi ndio unaopanga lini mji ufanye kazi na lini ukutane. Je, ni shule ngapi kando ya ziwa hilo zinazomfundisha mtoto jambo hili? Mtoto huchora mzunguko wa mwezi katika somo la jiografia, akapata alama zake, bila kuambiwa kwamba mzunguko huo huo ndio unaomlipia karo.

Nenda mwaloni alfajiri. Mitumbwi inarudi, kina mama wamesimama na mabeseni, bei inapatanishwa kwa mizaha na kwa ukali. Lakini kabla hesabu haijafungwa, hutengwa kitoweo: cha baharia, cha mzee asiye na mtu, cha mjane aliyesogea bila kusema neno. Kisha dagaa huanikwa juani, na macho ya mji mzima huchunga mawingu, kwani mvua ya ghafla ni hasara ya wengi. Mtu akizama, wenye mitumbwi huingia majini kumtafuta bila kuulizana kabila wala dini. Hakuna aliyeviandika vitabuni, lakini vimewatunza watu hawa kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Tutaambiwa: hayo ni maisha ya kawaida tu. Naam, ni ya kawaida! Na utamaduni ni nini kama si namna watu walivyozoea kufanya yaliyo ya kawaida, wakayafanya kwa haki na kwa utu? Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, imeandikiwa makala nyingi na wageni waliovutiwa na chuma chake. Lakini waliopiga makasia gizani kwenda kuilaki pale pasipokuwa na gati, wakapandisha wagonjwa na magunia ya dagaa huku mawimbi yakiwarusha, ni nani aliyewaandika?

Jambo hili si la anasa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Shabaha ni njema, kwani ziwa tupu halina faida kwa mtu. Lakini miezi 3 bila dagaa ni njaa kwa asiye na shamba. Katika miezi hiyo kitoweo cha mjane hutoka wapi, ikiwa mitumbwi haiendi ziwani? Hapo ndipo ule utaratibu wa kugawana hupimwa. Na hapo ndipo ofisa anayeujua huweza kumwambia mvuvi: wewe umezoea kuyapumzisha maji kila mwezi unapojaa, sasa tuyapumzishe kwa muda mrefu zaidi, na tupange pamoja nani atamlisha nani. Ofisa asiyeujua huja na amri peke yake, kisha hushangaa amri inapokwepwa usiku.

Kwa hiyo hatuna budi kubadili mwenendo. Mwalimu uliyeko Karema, Ikola au mwalo wowote mwingine, wapeleke wanafunzi wako ufukweni na daftari. Wakaulize majina ya pepo, hasa zile za kusini zinazovuma kwa nguvu wakati wa kiangazi. Wakaulize majina ya sehemu za mtumbwi, njia za kugawa mapato, na jinsi mji unavyozika. Nawe mwanafunzi unayesoma Mpanda na kuona haya kusema kwamba mama yako huanika dagaa, fahamu kwamba unaona haya kwa sababu ya kasumba uliyorithishwa. Mama yako anajua kusoma mawingu. Wewe bado.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtumbwi huelea kwa sababu yupo aliyeuchonga, na mji huelea kwa sababu wapo waliouunda kwa mazoea mema ya kila siku. Bandari mpya imejengwa Karema, na meli kubwa zitaendelea kuja na wageni wengi. Tuwapokee kwa ngoma, tusiwanyime. Lakini mgeni akiuliza, "Nyinyi ni watu gani?", aibu kubwa itakuwa yetu ikiwa tutakachoweza kumwonyesha ni majani ya viunoni tu.