Mama akiomba dawa ya joto, aulizwe kwanza

Na Kavira Kamate

Tuseme mama wa miaka hamsini na kidogo anaingia farmasi moja hapa Butembo. Joto linampanda usiku, jasho linalowesha shuka, usingizi hauji. Muuzaji anageukia rafu, anakata vidonge vya homoni, anapokea faranga. Hakuna alichouliza.

Sina ugomvi na homoni. Mama anayeteseka baada ya kukoma hedhi ana haki ya kupata nafuu. Kumwambia avumilie kwa kuwa ni uzee ni kumdharau. Ugomvi wangu ni dawa inayotolewa bila maswali na kumezwa miaka bila mtu wa kuihesabu.

Swali la kwanza: mama, kizazi bado unacho? Estrojeni, homoni iliyo katika vidonge hivyo, ikimezwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na kansa inaweza kuanzia hapo. Ndiyo sababu mwenye kizazi huongezewa projestini, homoni ya pili inayozuia unene huo. Basi mama aliyepasuliwa kwa ajili ya uvimbe au uzazi mgumu apewe karatasi inayosema wazi kilichotolewa.

Swali la pili: dawa hii ulianza lini? Mwaka 2002 Marekani ilisimamisha kabla ya wakati utafiti wa mchanganyiko wa estrojeni na projestini kwa wanawake 16,608. Kati ya kila 10,000 waliomeza dawa, 38 walipata kansa ya matiti kwa mwaka. Kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa walikuwa 30. Tofauti ni ndogo, ila miaka huikuza. Hesabu zilizotoka katika jarida la Lancet mwaka 2019 zinasema hivi: wanawake 50 wakianza mchanganyiko wakiwa na miaka 50 na kuumeza kila siku kwa miaka 5, mmoja zaidi atapata kansa hiyo kabla ya kufika 70.

Mwanamke wa Ulaya huipima hatari hiyo akiwa na mashine ya kupiga picha matiti karibu naye. Kwetu kansa hugunduliwa imeshakomaa. Matibabu ya mionzi hayapo Butembo wala Beni. Mwenye uwezo hupitia Kasindi kwenda Kampala, kwa barabara ambayo magari yamechomwa moto na watu kuuawa.

Nitaambiwa madaktari ni wachache. Ni kweli, lakini maswali haya hayahitaji mashine. Muuguzi anaweza kukagua matiti kwa mikono. Anaweza pia kumwonya mama kwamba damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, asifurahi kuwa ujana umerudi. Aende hospitali upesi.

Kanda za afya za Butembo, Katwa na Beni ziagize jambo moja: homoni isitoke bila fishi yenye majibu ya maswali hayo mawili na siku ya kurudi kupimwa. Farmasi inayojua kuandika deni la mteja haishindwi kuandika tarehe aliyoanza dawa.