TAHARIRI: Nani kamfundisha msomi utoro?

Wakubwa wakipanda jukwaani siku za mahafali wimbo ni ule ule: wanafunzi wa vyuo vikuu siku hizi wavivu, hawaingii darasani, wanashinda kwenye simu na mabinti. Na vijana wenzetu wa vijiweni, ambao mlango wa chuo hawakuuona, nao wanaitikia: eti wasomi wanachezea bahati. Wavivu wapo, hata kijiweni wapo. Lakini hebu tuulize, humo darasani kuna nini?

Mwanafunzi anaamka alfajiri, anagombania daladala, anakuta ukumbi umejaa, anasimama mlangoni. Anachosomewa ni desa. Lile lile alilokwisha kulinunua fotokopi kwa waliomtangulia, mifano ile ile, pengine hata makosa ya chapa yale yale. Mtihani nao unatoka humo humo. Sasa aende kufanya nini? Karatasi ya mahudhurio ikizunguka mmoja anasaini kwa niaba ya watano, na mhadhiri anajua. Anyamaze asinyamaze, naye ana kipindi kingine chuo cha jirani, kutafuta cha kujazia mshahara.

Halafu kuna tumbo. Bumu lilipandishwa mwaka 2023 kutoka sh. 8,500 kwa siku hadi 10,000, tukapigiwa makofi ya kutosha. Hiyo ni kwa aliyepata mkopo! Toa kodi ya chumba, toa nauli, toa hizo fotokopi, kisha ule. Pale Mlimani hosteli zilizofunguliwa mwaka 2017 kwa mbwembwe zinachukua wanafunzi 3,840, na chuo kina makumi ya maelfu. Waliobaki wanabebana kitanda kimoja au wamepanga uswahilini. Bumu likichelewa, kijana anakamata bodaboda ya watu mpaka liingie. Na huyo naye mtoro?

Kinachotuuma zaidi ni kwamba bili ni yake. Tangu sheria ya mikopo irekebishwe mwaka 2016, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Analipia kipindi alichosikilizia mlangoni. Analipia desa kuukuu. Serikali ya CCM haikosei hata senti inapomdai, ila kumhesabia vipindi alivyokosa kufundishwa haiwezi.

Waziri wa elimu tunamwomba safari hii aache mahafali. Aende chuo chochote cha umma Jumatatu saa moja asubuhi, bila ving'ora, ahesabu viti. Akimaliza viti, ahesabu na wahadhiri.