Tengeru, Siku Moja, Watu Wawili

Mpenzi msomaji, mwezi huu nina swali moja tu. Mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kutoka wawili, bila watoto, bila harusi wala msiba, ilikuwa lini?

Sisi hapa Kwa Mrombo tulikuwa tunaahirisha mwaka wa tatu sasa. Kisingizio chetu Zanzibar: tukipata hela tutaenda. Hela ikija inakutana na kodi ya nyumba na ada. Mazungumzo yetu yakabaki mawili: gesi imeisha, na nani anamfuata mtoto shule.

Jumamosi moja nikasema basi, twende Tengeru. Mume wangu akacheka. "Tengeru? Mama, si unakoendaga kununua ndizi?" Ndiyo hapo hapo, kilomita kama 13 kutoka mjini, barabara ya Moshi. Watoto tukawaacha kwa dada yangu, tukapanda hiace.

Tukaanzia makaburi ya Wapolandi. Wengi wetu tunapita tu pale kwenye lami, hatujui kuna nini ndani. Mwaka 1942 walifika Tengeru wakimbizi wa Poland, baadaye wakafika kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwao kwa nguvu na Wasovieti, wakapitia Uajemi mpaka huku. Walijenga vijumba vya duara, shule, kanisa na karakana. Miaka ya hamsini mwanzoni kambi ikafungwa, wengi wakaondoka. Waliozikwa wamebaki chini ya migomba yetu. Tulisoma majina kimya kimya, tukatoka tumepoa.

Kutoka hapo tukaenda Duluti, ziwa dogo la kasoko lililozungukwa na msitu. Unalipa kiingilio, unashika kijia cha kulizunguka. Simu tulizima. Katikati ya njia mume wangu akasimama. "Kuna kitu sijakuambia. Nilimdhamini jamaa mkopo, amekimbia. Nakatwa mshahara miezi mitano sasa."

Jamani! Nyumbani ningepandisha sauti, yeye angewasha tivii. Msituni hakuna mlango wa kubamiza, na njia ni moja. Tukaendelea kutembea. Nikauliza kiasi, akataja. Nikauliza kwa nini alificha, akasema aliogopa nitamdharau. Hapo nikakumbuka kwamba mimi pia, kila akizungumzia kazi, huwa nasema "nilikuambia".

Tulimalizia sokoni, ndizi nyama mbele yetu, hesabu ya deni nyuma ya risiti. Sikudanganyi, hasira ninazo bado. Deni lipo, na Zanzibar imesogea tena. Ila sasa tunalibeba wawili.

Kama na nyie mnataka kujaribu: nendeni Jumatano au Jumamosi, soko likiwa limechangamka. Vaeni viatu vya kutembelea, si vya harusini. Mkiwa na siku ya pili, endeleeni hadi Usa River mpinde kushoto muingie Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960: kuna twiga, mbega, maziwa ya Momella na heroe wake, na mnaweza kutembea kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi.

Na mwenzio akianza kusema, usimkatishe. Mwache amalize, hata kama mtazunguka ziwa mara mbili.

Tukutane mwezi ujao!